Simu Iliyouliza Kama Nyumbani Kuna Mtu

Nilizaliwa Busia upande wa Kenya, nikaolewa Tororo, Uganda, na katika miaka kumi na miwili ya ndoa hatukuwahi kwenda mahali kupumzika tu. Safari zetu zilikuwa za misiba na harusi. Basi mwaka juzi shule zilipofungwa, mume wangu aliposema twende Majanji tukae siku tatu ziwani pamoja na binti yetu, nilipika chapati za njiani nikiimba.

Nyumba ya wageni ilikuwa na daftari mezani pale mlangoni. Jina, kazi, simu, unakotoka, namba ya kitambulisho, siku ya kuondoka. Mimi ni mwalimu. Nilijaza kila safu kwa mwandiko mzuri, na penye "unakotoka" nikaongeza kwamba nyumba yetu iko nyuma ya kanisa.

Kesho yake, saa sita mchana, tulikuwa tunakula samaki simu ikalia. Namba ngeni.

"Mwalimu, habari ya mapumziko?" Sauti ya mwanamume, ya upole. "Nimeleta mzigo wako. Niko hapa karibu na kanisa. Nyumbani kuna mtu?"

"Hakuna. Sisi tuko Majanji mpaka Jumapili."

"Hata mbwa? Nisije nikaumwa."

"Hatuna mbwa."

Akacheka kidogo, akakata.

Mume wangu alikuwa ameacha kula. "Mzigo gani?"

Hatukuwa tumeagiza kitu. Nikapiga ile namba; imezimwa.

Nilimpigia jirani yetu tuliyemwachia ufunguo, mama mjane wa kabila la Wajopadhola wa Tororo, aliyejifunza Kiswahili akiuza maharage mpakani. Nilimweleza huku nikigugumiza.

"Hapana ogopa, mwanangu," akasema. "Mimi nakwenda sasa."

Tukafunga mizigo. Pale mlangoni nikaliona lile daftari, liko wazi kwenye ukurasa wetu, na wachuuzi watatu wa samaki wameliegemea. Nilimwuliza dada wa mapokezi ni nani aliyelisoma. "Madam, kila mtu anaandika hapo," akanijibu. Nikawatazama wale wanaume mmoja mmoja. Kila mmoja nilimwona anafanana na ile sauti.

Tulikodi gari. Njiani nikampigia jirani tena. Hakupokea. Nikapiga mara ya pili, ya tano. Baadaye simu yake haikuita kabisa. Hapo ndipo hofu ilipogeuka. Nilisahau televisheni, nikasahau vyeti vyangu kabatini. Nilikuwa nimemtuma mwanamke mzee, peke yake, akakutane na wezi.

"Mama," binti yangu akaniuliza, "huyo mtu anajua na shule yangu?"

Baba yake alimvuta karibu.

Tulipofika, moshi ulikuwa unatoka jikoni kwetu. Redio inapiga kelele. Kwenye kamba ya nguo zilining'inia suruali tatu za wanaume, za marehemu mume wa jirani yetu, zinachuruzika maji. Naye ameketi kizingitini anachambua maharage, panga liko chini ya gunia alilokalia.

"Simu imekwisha moto," akasema, akiinua simu yake iliyozimika.

Nilimkumbatia nikalia. Akatusimulia kwamba watu wawili wa pikipiki waliingia hadi uani, wakauliza kama wenye nyumba wapo. "Nikawaambia baba analala ndani na ndugu zake. Niwaamshe? Wakaangalia hizo suruali, wakaenda." Alicheka, lakini maharage yalikuwa yanamponyoka vidoleni.

Tulipiga ripoti polisi na kwa mwenyekiti wa mtaa. Hakuna aliyekamatwa. Tulibadilisha kufuli, nikabadilisha laini, na binti yetu akalala chumbani kwetu mpaka shule zilipofunguliwa.

Mwezi ulipita kabla yule mama hajaniambia lililobaki. Mmoja wa wale wawili, aliyefunika uso kwa kofia ya pikipiki, alimwamkia kwa Kidhopadhola safi, lugha ya kwao, akamwita kwa jina la ukoo wake, kama mtu wa mtaani kwetu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka wewe ulale."

Siku hizi nikipita sokoni vijana huniamkia, "Mwalimu, habari ya nyumbani?" Nawajibu nzuri, nazidisha mwendo.