Rahma Alikataa Kuniambia Niende au Nibaki

Kuna jambo ambalo mpaka juzi sikumwambia mtu mtaani kwetu hapa Ibra, Oman, isipokuwa Rahma, na Rahma wamemzika Jumatatu baada ya alasiri.

Jambo lenyewe ni hili: nimekubaliwa kwenye programu ya chuo kule Nizwa. Unaacha shule baada ya darasa la kumi, unahamia bweni lao, unamaliza sekondari huku umeshaanza masomo ya chuo. Mwalimu wangu wa fizikia ndiye aliyenishika mkono nikaomba, nikafanya mtihani wao. Nyumbani walidhani mtihani ule ni mashindano ya shule tu. Jibu walilitaka wiki hii.

Mmezoea niandike kwenye blogu hii habari za vitabu. Leo siwezi. Nikishika kitabu nasoma mstari ule ule mmoja.

Rahma alikuwa jirani yetu, mtu mzima tayari, anafanya kazi reception kwenye kambi ya watalii jangwani, upande wa Al Mintirib. Alizaliwa na selimundu. Maumivu yakimshika anakwenda hospitali, anarudi, anaingia shift kama mtu aliyetoka sokoni. Safari hii hakurudi.

Urafiki wetu ulianza kwa Kiswahili. Shuleni nasema Kiarabu, na Kiswahili changu ni cha bibi yangu, cha Unguja ya zamani. "Wewe ukisema nimefumba macho, nasikia kizee," aliniambia. Lakini alikuja kila siku nimsemeshe, maana chake kilikuwa kimekatikakatika, kila akikosa neno anatia la Kiarabu.

Alikuwa na sauti ya kazini, Kiingereza kilichopigwa pasi. "Your check-in is at two, sir." Akishakata simu: "Huyu anauliza kama mchanga una wadudu. Nimwambie nao wana booking?"

Nilipompa habari ya Nizwa, nilimwambia ninachokiogopa zaidi ni kula. Nyumbani tunakula sinia moja. Sijawahi kukaa peke yangu na sahani yangu mbele ya watu. Hakucheka. Alinitia garini mpaka kwenye duka la chai.

Hapa kwetu mtu hashuki pale. Unapiga honi, mfanyakazi anakuletea karak, chai ya maziwa na iliki, dirishani. Rahma akazima gari, asiguse honi.

"Shuka. Kaa ndani, agiza, kula."

"Ndani wanaume watupu."

"Kuna upande wa familia. Yalla, bibie."

"Na wewe?"

"Mimi nalinda gari."

Nilikula mkate wa jibini mpaka mwisho, macho kwenye sahani. Kupitia kioo nilimwona anajifanya anatazama simu. Nilipotoka akaniuliza, "Wamekung'ata?"

"Hawajaning'ata."

"Basi Jumanne tena."

Siku hiyo, njiani, nikamuuliza niende au nibaki. Alinijibu tumeshafika mtaani kwetu.

"Usiniulize mimi. Nitakwambia ubaki, na nitakwambia kwa ajili yangu. Ukenda wewe, nitasema na nani?"

Watu wazima wote ninaowajua wanajua lililo bora kwangu. Ni yeye peke yake aliyenambia nisimuamini.

Nilijua kwa nini. Yeye mwenyewe alipata nafasi ya chuo Sur, na bweni juu yake. Mama yake akakataa. Akishikwa na maumivu huko, nani atamwinua?

Baada ya siku chache nikaamua kubaki. Hilo sikumwambia hata yeye. Nilingoja mwisho wa wiki, akiwa off, tukae vizuri. Mwisho wa wiki ukamkuta hospitali.

Matangani, upande wa wanawake, nilipewa birika la kahawa nizunguke nalo. Mama mmoja akaniuliza, "Wewe nani wake?" Nikasema jirani. Sikuwa na jina jingine la kumpa, na sidhani kama yule mama angelielewa.

Nilipofika kwa mama yake Rahma, alinitazama sana.

"Wewe n'do unaekwenda Nizwa?"

"Sijaamua, khalti."

"Rahma kasema unakwenda. Ananuna nayo kila siku. 'Anaondoka yule, mimi ntabaki na Wazungu wangu.'"

Nikamtilia kahawa. Alikunywa, akakitikisa kikombe kuonesha kuwa basi, imetosha, lakini hakunirejeshea.

"Mimi nilimkatalia bweni ili nimuone kila siku," akasema. "Na nimemuona kila siku."

Sikujua kama anajuta au anashukuru. Labda naye hakujua. Nikaweka birika chini nikakaa ubavuni kwake, na wanawake wakaanza kujitilia kahawa wenyewe.

Msije mkaandika hapa chini kwamba kifo chake kimenionesha njia. Hakijanionesha kitu. Gari lake liko pale pale nje, limejaa vumbi. Shuleni nimekaa na wasichana wale wale tangu darasa la kwanza na hakuna aliyeniuliza nina nini, kwa sababu mimi ni yule asiyesema. Nikienda Nizwa nitakuwa peke yangu. Nikibaki Ibra nitakuwa peke yangu. Ila kule kuna masomo ninayoyataka, na hapa nilikuwa nabaki kwa ajili ya mtu mmoja.

Lala, Rahma, mwili usikuume tena. Mola akurehemu.

Jana baada ya chakula cha mchana nilimwambia baba. Akauliza nani mwengine anajua. Nikasema mwalimu wangu, na Rahma. Akasema, "Mama yako utamwambia mwenyewe." Nikaenda jikoni, nikamwambia. Alilia kidogo, akaniuliza kama kule kuna baridi. Leo asubuhi nimewajibu Nizwa kwamba nakwenda.