Kioo cha kushoto cha pikipiki ya Baba

Leo fundi amepata kasoro moja tu kwenye pikipiki ya Baba. Heri angepata kumi.

Kuna jamaa wa Mikinduri amekuja nyumbani kuinunua, akaja na fundi wake. Hapo sina neno, pikipiki ya mkono wa pili hainunuliwi kwa macho.

Fundi akakagua breki, cheni na taa. Akawasha injini, akaiinamia kuisikiliza kama daktari.

"Mzee, hii umeitunza," akamwambia Baba.

Nikafurahi. Jamani, nilifurahi kabisa!

Kisha akaipanda, akatazama kioo cha kushoto.

"Hiki kimegeuzwa ndani. Kikiwa hivi huwezi kuona gari likija nyuma."

Kabla nifungue mdomo, alikuwa ameshakizungusha. Kikakaa sawa.

Wacha niwaambie. Mwaka mzima Baba alimpeleka Mama hospitali Nkubu na hiyo pikipiki. Wakirudi, dawa zilikuwa zinamletea Mama usingizi hapo nyuma. Baba akageuza kioo ndio awe anauona uso wake, asije akasinzia akaanguka.

Tangu tumzike Mama, hakuna mtu alikuwa amekigusa.

Nyinyi mngefanya nini? Mimi nilimgeukia Baba.

Baba hakumkasirikia fundi. Akampa yule jamaa ufunguo, halafu akamshika mkono na hakumwachilia haraka.

"Kijana yangu, siku utabeba mgonjwa, kirudishe vile kilikuwa."