Mistari ya Njano

Mashine ya kupulizia salfa ilinguruma mara moja, ikazimwa. Oliva Dastani anaukumbuka mngurumo ule mmoja kuliko makofi yote aliyowahi kupigiwa. Ilikuwa alfajiri ya Julai 1993, umande ukiwa bado kwenye maua ya mikorosho, katika shamba la baba yake nje kidogo ya mji wa Newala. Mashine ilikuwa mgongoni kwa Abdulkadiri, rafiki wa baba yake. Kila msimu mmoja alitoa mashine, mwingine alitoa salfa, ile dawa ya unga wa njano, na mashamba yote mawili yakapona ubwiri, ukungu unaokausha maua.

"Gunia la pili liko wapi?" baba aliuliza.

Oliva alikuwa kasimama mlangoni mwa ghala na begi lake. Alikuja kuaga tu. Wiki ile alikuwa amechaguliwa kuingia timu ya taifa, katika mashindano ya wanawake ya michezo saba: viunzi, kuruka juu, tufe, mita mia mbili, kuruka chini, mkuki, na mwisho mita mia nane. Gunia alijua liko wapi. Lilikuwa limemwagwa chini, Masasi, kwenye uwanja wa shule yao ya bweni.

Mwalimu Alfredi, mtu wa Lukuledi, alikuwa amemfundisha kwa vitu vya kuokoteza. Mkuki ulikuwa mwanzi. Viunzi vilikuwa fito. Mita mia nane hakumfundisha sana; miguu ile ilikwisha kufundishwa na ndoo za maji, kutoka visima vya bondeni hadi juu Newala. Lakini wachaguzi walipoandika kwamba wanakuja, mwalimu alishika kichwa. Uwanja haukuwa na mistari, na bila mistari hakuna cha kupima. Chokaa haikupatikana. Walijaribu majivu, upepo ukayachukua. Walijaribu unga wa muhogo, kuku wa mpishi wakala mstari wa kuanzia.

Basi mwisho wa likizo ya Juni Oliva alichukua ufunguo wa ghala kwenye koti la baba, akatoa gunia moja, akalipakia kwenye basi la Masasi chini ya mahindi. Hakujiona mwizi. Tangu azaliwe, lori la chama cha msingi cha ushirika lilileta salfa kila mwaka kabla ya maua kukomaa, na alijua litakuja. Hakujua kwamba mwaka ule biashara ya korosho na dawa zake ilikuwa imeachiwa watu binafsi, na kwamba yale magunia mawili baba aliyafuata mwenyewe dukani kwa mfanyabiashara, akarudi nayo kwa baiskeli.

"Umeipata wapi?" mwalimu aliuliza.

"Baba amenipa."

Walichora njia sita za njano juu ya mchanga mwekundu. Oliva aliruka humo kwa siku mbili, nyayo zikawa njano, akachaguliwa.

Na sasa baba alikuwa akimtazama Abdulkadiri. "Baba Ashraf, ghala letu lina funguo mbili. Mmoja wangu, mmoja wako."

Abdulkadiri alimtupia Oliva jicho, kidogo tu. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya kinu. "Chukua wa pili, Baba Oliva, ili ulale." Akaondoka na mashine yake.

Oliva alifungua mdomo. Basi lilipiga honi barabarani. Akapanda.

Gunia lililobaki baba alilinyunyiza kwa mkono upande wa chini wa shamba; upande wa juu haukupata kitu. Maua yakawa meupe kama yamepakwa unga, yakakauka, yakadondoka. Lori halikuja. Baba alimwandikia barua kambini, ukurasa mzima wa kumtakia heri, na mstari mmoja mwishoni: Yule mtu hatusalimiani tena.

Kwenye mashindano ya Afrika Mashariki na Kati mistari ilikuwa ya chokaa, nyeupe, haina harufu. Lakini katika mzunguko wa mwisho wa mita mia nane alisikia harufu ya salfa puani, akakimbia kama mtu anayefukuzwa. Alipata nafasi ya tatu.

Newala walimpokea kwa ngoma. Baba alisimama juu ya kiti. "Huyu ni wangu! Hata walioniibia salfa na waone!" Watu wakacheka. Abdulkadiri, aliyekuwa nyuma kabisa, alikuwa anapiga makofi.

Oliva alipenya hadi kwake. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nasikia umeruka kama mbuzi aliyeona shamba la kunde."

"Wawili walinizidi."

"Wawili si wengi." Akasogea karibu. "Kabla ya yale mambo nilikwenda Masasi kutafuta plagi ya mashine. Nikapita uwanjani kwenu. Salfa mimi naijua hata nikifumba macho, mwanangu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, baba yako angekurudisha nyumbani kesho yake. Nikaona uruke kwanza." Alimtazama. "Umeruka. Mimi sina tena la kukusemea."

Baba alikuwa bado juu ya kiti, anafuta jasho, anacheka. Oliva alirudi kwake, akamvuta mkono wa shati mpaka akainama. Ngoma zilikuwa karibu sana, na hakupandisha sauti.

"Baba," alisema, "salfa niliichukua mimi."