Ndoo ya Njano Kwenye Foleni ya Bomba

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata kuku wetu wanatembea mbali kuliko mimi. Kwa hiyo mke wangu aliposafiri kwenda Kintinku kumuuguza mama yake, majirani zangu wa Mandewa walinikodolea macho nilipotokea bombani na ndoo.

"Kumbe shemeji ana miguu!" akasema jirani yetu muuza vitunguu, mwanamke ambaye sijawahi kumshinda kwa maneno.

Bombani kwetu ndoo ndizo zinazopanga foleni. Unaweka yako, unarudi kwenye shughuli zako, na aliyepo anazisogeza zote kila moja inapojaa. Mimi sikuwa na shughuli, nikajiteua msogezaji. Nikasogeza ya bluu, nikasogeza ya kijani, nikaona moja ya njano imeachwa nyuma peke yake. Nikaivuta. Soga zikakatika.

"Shemeji, hiyo hatuigusi," akasema muuza vitunguu. "Ni ya yule aliyefungwa kwa kuiba mbuzi wa watu."

Nilikuwa sijui. Habari za mtaa hunifikia zimeshapoa.

"Kwani hajamaliza kifungo?"

"Alimaliza."

"Sasa na ndoo nayo ilifungwa?"

Wawili watatu wakacheka. Muuza vitunguu hakucheka.

Mara mwenye ndoo akaja mbio, kanga imelowa. Alipoikuta ndoo yake katikati ya nyingine alisimama, akatutazama mmoja mmoja, akitafuta nani anamfanyia dhihaka. Nikanyoosha kidole kama niko darasani.

"Ni mimi, dada. Nimeisogeza tu."

"Asante, kaka. Mama yangu hawezi hata kujigeuza kitandani. Nikikaa hapa kulinda zamu, analala kwenye mkojo mpaka mchana. Nikimkimbilia yeye, narudi nakuta watu wote wamenipita."

Alisema bila kumlaumu mtu, na nadhani hilo ndilo lililotuuma zaidi. Muuza vitunguu aliinama, akawa anasuuza ndoo ambayo ilikuwa safi tangu mwanzo.

"Nenda kwa mama," nikamwambia. "Mimi nipo. Kukaa mahali pamoja ndiyo kazi ninayoiweza."

Kesho yake nilipofika, muuza vitunguu alikuwa ametangulia, na ndoo ya njano ilikuwa mbele ya yake. Nikapanga yangu nyuma. Ile ya njano ilipojaa, mwenyewe alikuwa hajaonekana.

"Basi niipeleke mimi," nikasema.

"Ukamwogeshe na mama wa watu? Hebu kaa hapo!"

Akajitwika, akaenda. Alikawia mpaka nikaanza kumsogezea na yake. Aliporudi, mikono ya gauni ilikuwa imekunjwa mpaka kwenye viwiko, ananukia sabuni.

"Yule bibi ni mzito," akawaambia wenzake, bado anahema. "Binti anamgeuza peke yake siku zote hizi, mgongo wa bibi umeanza vidonda. Haya, kesho nakwenda na nani?"