Miaka Minne ya Kuchezesha Mdomo

Hii hadithi inanionyesha mjinga, na nakuambia mapema ndio usije ukafika mwisho ukanihurumia. Mimi ni kinyozi. Kutwa nzima nasema wengine, leo wacha nijiseme.

Mwezi wa kwanza nilirudi Othaya baada ya miaka tisa nikinyoa watu Sagana. Sagana ni joto, ni samaki wa kukaanga na malori yamepumzika kando ya barabara. Othaya ni baridi na milima. Kuenda dukani unapanda mlima, na kurudi nyumbani pia unapanda, usiniulize vipi. Na sikurudi peke yangu. Dada yangu mkubwa alipata kazi ya nyumba huko Uarabuni, akaniachia msichana wake wa miaka kumi na tano na maagizo mawili: asikose chakula, na asikose muziki.

Chakula naweza. Hiyo ya muziki ndio ilinitoa jasho. Siku hizi watoto wakimaliza gredi ya tisa wanachagua njia: sayansi, mambo ya jamii, ama sanaa na michezo. Huyu wetu alichagua sanaa sababu ya muziki. Alikuwa na vyeti vitatu vya kwaya, mama yake amevifunga kwa nailoni kama hati ya shamba. Na vile tulikuwa tumehama, ilibidi atafutiwe shule ya upili huku juu, shule iko na muziki wa kweli. Mtu wa kuichagua ni mimi, mwenye aliachia masomo darasa la nane.

Asubuhi ya kwanza nikifungua kinyozi, lori ya majani chai ikapita. Hiyo harufu ya majani mabichi, yenye imelowa, ikaniingia mapuani, na nikawa darasa la tano tena, nimesimama nyuma ya lori kama hiyo, miguu inang'aa mafuta.

Kama ulilelewa huku unajua Julai yetu. Ukungu unashuka mpaka unatafuta ng'ombe kwa sauti. Mimi nililelewa na shosho, nyanya yangu, kwa nyumba ya mbao yenye moshi ilikuwa imepaka rangi nyeusi bila kuulizwa. Asubuhi ni chai na nduma ya jana, imepashwa kwa jivu. Mchana ni githeri, mahindi na maharagwe, kwa mkebe. Jioni nakata nepia, nyasi ya ng'ombe, nachota maji bondeni, halafu nakamua. Ng'ombe ya shosho ilikuwa na maringo kama mke wa chifu. Bila wimbo ilikuwa inaficha maziwa. Basi mimi nilikuwa naimba, kichwa nimeegemeza kwa mbavu yake, na maziwa inashuka kwa ndoo ikinipigia mdundo. Nilikuwa naimba kweli. Hiyo nakuomba uikumbuke, kwa sababu hakuna mtu mwingine anaikumbuka.

Shuleni, mwalimu wa kwaya alikuwa mama mkubwa wa kuvaa viatu vya gambuti Jumatatu mpaka Ijumaa. Alikuwa na kachuma kama uma wa meno mawili. Anakagonga kwa goti, anakaweka kwa sikio, anafunga macho kama mtu anasikia habari ya mbali, halafu anatupatia sauti ya kuanza. Alikuwa anatuambia kwaya ni kama githeri, mahindi peke yake ni chakula ya kuku. Tulikuwa sitini. Tulifanya mazoezi saa kumi, chini ya paa ya darasa la nane, mvua ikituimbia kwa mabati na mwalimu akigombana nayo.

Siku ya mashindano ya shule za hapa Othaya niliamka na homa. Shosho akaninywesha tangawizi, akanifunga shingo na skafu yake ya kanisa, nikaenda hivyo. Huko tulipakwa miguu yale mafuta ya kukamulia ng'ombe, watoto sitini tukang'aa kama sufuria za arusi. Tukalambishwa glukosi kwa kiganja, eti ya kulainisha koo. Halafu mwalimu akaanza kupita mstari kwa mstari, ameinama, sikio lake karibu na mdomo ya kila mtu, sisi tukiimba polepole.

Akafika kwangu, akasimama. Akaniwekea mkono kwa bega na kuniambia kwa sauti ya chini, ndio wengine wasisikie: "Wewe chezesha mdomo tu. Usitoe sauti."

Nikachezesha. Nilichezesha mpaka nyusi. Na tukashinda. Jaji akasimama akasema kwaya hii imeungana kama maji, na huyo kijana wa mbele, wa skafu, uso wake unaimba. Watu wakapiga makofi. Wewe ungefikiria nini, ukiwa na miaka kumi na moja? Mimi nilipiga hesabu yangu hapo hapo: siku yenye nimenyamaza ndio siku tumeshinda. Kwa hivyo shida ya hii kwaya ilikuwa mimi.

Sikuimba tena. Darasa la tano mpaka la nane, miaka minne, nilikuwa mstari wa mbele, upande wa kushoto, na hakuna siku nilitoa hata mluzi. Nikawa fundi. Mwalimu akipita na sikio lake, navuta pumzi na wa kando ananiimbia. Nilijua kuvuta pumzi pamoja na wengine, kuinua kifua kwa noti ya juu, kukunja uso kwa wimbo wa huzuni. Tulipelekwa Nyeri kwa lori ya majani chai, tumesimama tumeshikana mashati, tukipita kila soko tunaimba, na mimi nachezesha. Nikala glukosi yao. Nikala mkate nusu na soda. Niko na cheti nne, na kila cheti inasema nimeimba.

Kwa ng'ombe ndio ilikuwa ngumu, sababu ng'ombe huwezi kuidanganya na nyusi. Shosho aliuliza mbona siku hizi nakamua kimya. Nikamwambia mwalimu amesema sauti yangu ni ya mashindano, haifai kutumiwa kwa mifugo. Akacheka, akasema basi tumelea mtu mkubwa. Baada ya wiki mbili akasema ng'ombe imepunguza maziwa. Nikasema ni nepia.

Na hivyo ndio nimeishi. Kanisani nachezesha. Arusi nachezesha. Matanga ya shosho, watu wakiimba huku tunateremka na yeye shambani, wimbo wenye alinifundisha mwenyewe, nilichezesha mdomo kutoka mlangoni mpaka kaburini. Watu walidhani ni machozi imenifunga koo.

Sasa rudi kwa shule. Tulienda mbili. Ya kwanza ilikuwa kubwa, upande wa Nyeri mjini. Unaingia ofisini, kabati ya vioo imejaa vikombe. Piano iko, imefunikwa na kitambaa cha kufuma, juu yake vase ya maua ya plastiki. Wazazi tuliketi kwa viti vya plastiki na kwaya ikatuimbia. Themanini hivi, tai zimenyooka. Msichana wa dada yangu akanibana mkono kwa furaha. Kwa kweli ilikuwa tamu. Lakini shingo ndio ofisi yangu. Kila siku napitisha wembe hapo, najua shingo yenye inafanya kazi na shingo yenye imelala. Kwa mstari wa tatu nikahesabu tano zimelala. Midomo inaenda, nyusi zinaenda, na chini ya kidevu hakuna mtu nyumbani.

Nikamuuliza mwalimu wao, kwa adabu, "Mwalimu, hao watano wa nyuma wameimba kitu gani?"

Akacheka kidogo, akaangalia kando. "Mzee, kwaya ni idadi pia. Hao wanajaza jukwaa vizuri."

Hiyo mzee niliisamehe. Hiyo ya kujaza jukwaa sikuisamehe.

Ya pili ilikuwa karibu na Gakindu, katikati ya mashamba ya kahawa. Darasa la muziki lilikuwa stoo ya mbolea zamani, na ukipumua sana bado unajua. Gita sita, ngoma za ngozi, na akodioni moja ya kuchezea mwomboko, densi ya wazee wetu, yenye mzee fulani aliwaachia. Mwalimu ni kijana amekunja mikono ya shati. Tulimpata ameshughulika na mwanafunzi mmoja mkubwa wa mwili, sauti yake kama geti inaburutwa kwa simiti. Wenzake wanacheka. Mwalimu hacheki. Anamhamisha, mara huku, mara kule, mpaka akamweka kando ya ngoma kubwa, chini kabisa ya wimbo. Na ukisikia, ile geti ikawa kama mlango wa nyumba yenye iko na watu.

Akamwambia, "Uliona? Wewe toa sauti kwanza, ndio mimi nijue pahali pa kukuweka."

Halafu akamwita msichana wetu aingie hapo kwa mstari, ajaribu na wao. Akaingia. Wakaanza. Akavuta pumzi vizuri, akainua kifua, akakunja uso pahali pa huzuni. Na mimi nikaangalia chini ya kidevu, na shingo yake ilikuwa imelala.

Tulipotoka tukashika njia ya kati ya kahawa. Halafu yeye akaanza.

"Anko, mimi nataka ile ya kwanza. Iko na piano."

"Iko na meza ya maua. Meza nitakununulia."

"Uko na maneno mingi."

"Na wewe huna hata moja. Shingo yako haikusonga."

Akasimama. "Nani amekuambia?"

"Hakuna mtu. Mimi ni kinyozi."

Akaangalia viatu vyake. Akasema ilianza gredi ya saba. Mwalimu wa Sagana alimwambia anakata kwaya kama msumeno, lakini anasimama vizuri, kwa hivyo akae, asitoe tu sauti.

"Na hivyo vyeti vitatu?"

"Ni vya kusimama, anko." Akapangusa pua na mkono wa sweta. "Ndio nataka ile kubwa. Huko tutakuwa themanini, hakuna mtu atajua. Huyu wa Gakindu atanisikia siku ya kwanza."

Hapo ndio nilimwambia yangu. Sijawahi kuambia mtu, hata mama yake. Nikamwambia lori, mafuta ya ng'ombe, glukosi. Alicheka mpaka akaketi chini. Halafu akauliza, "Hata kwa matanga ya shosho?"

"Hata kwa matanga ya shosho."

Akainuka. Akasema, "Basi imba sasa. Hapa ni kahawa tu."

Nikafungua mdomo. Ikatoka hewa. Nikajaribu tena, ikatoka kitu kama kikohozi cha mbuzi. Yeye hakucheka. Aliniangalia vile unaangalia mtu mzima ameanguka kwa matope, akanipangusa vumbi kwa koti, na koti haikuwa na vumbi.

"Haya anko," akasema. "Gakindu."

Sasa yuko huko. Amewekwa na sauti za chini, upande wa lile geti. Akija nyumbani likizo fupi anaosha vyombo akiimba, na jirani ameniuliza kama nimeanza kupasua mbao. Nilimwambia ndio, na tutapasua mwaka mzima.

Lakini nikipita shule yangu ya zamani saa kumi, siyajui hayo maisha tena. Madarasa ya mbao yalibomolewa, watoto wanaenda mashindano kwa basi iko na viti, na miguu inapakwa losheni ya dukani. Pahali ng'ombe ilikuwa inalala shosho akiwa hai, mjomba amejenga nyumba za kukodisha. Majani chai tu ndio bado inapita, inanuka vile vile. Kuna kitu ya hicho kipindi yenye hakuna mtu alininyang'anya, na hiyo nilikuja kuijua juzi tu.

Juzi mama mmoja aliingia kwa kinyozi na mjukuu wa kunyolewa. Amekonda, nywele nyeupe, lakini gambuti ni ile ile. Nikamjua. Nikamkalisha, nikamwagizia chai. Na vile mimi sina breki, nikiwa nanyoa mtoto nikamwambia kwa mzaha, "Mwalimu, wewe ndio ulinifunga mdomo. Siku ya mashindano ya Othaya, nikiwa darasa la tano, uliniambia nichezeshe tu. Nimechezesha mpaka darasa la nane, mpaka leo, na hukuwahi kunifungua."

Nilingoja acheke. Aliweka kikombe chini, akaniangalia kupitia kioo, mashine ikinguruma mkononi mwangu.

"Yule wa skafu," akasema. "Wewe ulikuwa na sauti nzuri, kijana wangu. Hiyo siku ulikuwa na homa, koo imevimba, na nilikuwa nakuhifadhia sauti ya mashindano ya Nyeri. Miaka hiyo yote nilidhani unaimba. Kwani hukuanza tena?"