Binti Yangu Ameshika Kiapo Nilichokivunja Mimi

Mhariri, asante kwa kulificha jina langu, maana wakinijua pale Misikhu watanicheka hadi nihame. Mimi ni mtu wa miaka arobaini na sita, mpishi katika nyumba ya Mhindi mmoja hapa Kitale. Tumbo langu huingia mlangoni kabla yangu, kwa hiyo msishangae kwamba taabu yangu ni ya chakula.

Tajiri wangu na jamaa yake hawali nyama wala mayai, kwa ajili ya dini yao. Watoto wao wana afya, hata mafua hayawapati. Nikasema, kumbe siri ndiyo hii. Mwaka jana nilikwenda nyumbani nikatangaza kwamba kwetu nyama na mayai basi. Tena, ili tuwapite hao Wahindi, nikakataza na maziwa. Tukaapa, mikono juu ya Biblia. Mke wangu aliniuliza kama nimelogwa ama nimepandishwa cheo.

Watoto wetu wadogo walianza kunywa maziwa kwa nyanya yao juma lile lile. Aliyeshika kiapo ni Nekesa, binti yangu wa miaka kumi na miwili. Ugali na mboga za majani, mchana na jioni; maharagwe yetu ni ya kupeleka sokoni. Mwezi uliopita nilimkuta anapumzika mara tatu kutoka mtoni na kamtungi kadogo. Nikampeleka zahanati Bungoma. Dresa, yule mhudumu wa pale, alimfunua kope, akasema damu imepungua sana. Nikajitetea kwa kutaja watoto wa Mhindi, kwamba hawali nyama na wana afya. Dresa akaniuliza:

"Sasa mzee, hao wanakula nini?"

Nikaanza kutaja: dengu kila siku, njugu, mtindi, maziwa asubuhi na jioni. Maziwa hayo nayachemsha mimi mwenyewe, bana. Dresa alisema mtoto anaweza kukua bila nyama, lakini lazima kitu kingine kikae mahali pake, na mimi nimeondoa bila kurudisha. Akampa dawa, akaagiza maini hadi damu irudi, na maharagwe, njugu na maziwa siku zote.

Maharagwe anakula. Maini na maziwa amekataa. Nimeamuru, mama yake amelia, wapi. Alinijibu kwa upole:

"Baba, si tuliapa? Wewe uko Kitale peke yako, hakuna anayekuona, na umeweza. Mimi nitashindwaje?"

Wasomaji, kila mwisho wa mwezi, kabla ya kupanda lori la kwenda nyumbani, mimi hupitia kwa mchinjaji nikachomewa mbavu. Kisha natafuna majani ya mpera ili nisinuke. Hata siku hiyo aliponiambia hivyo, nilikuwa nimekula.

Nikimwambia ukweli huu, labda atakula apone. Lakini mtoto huyu hana mwingine anayemwamini kama mimi, na kosa lake ni hilo tu. Jumamosi narudi nyumbani, na maini nimeshaagiza. Ninyi mliolea mabinti, niambieni: nikishayaweka mbele yake, neno la kwanza niseme lipi?