Kijiwe Kilichomwangukia Masanja

Asubuhi moja ya kiangazi haijanitoka akilini, mwanangu. Nilikuwa msichana, nimetoka kwetu Shinyanga kumfuata kaka yangu Masanja kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Yeye alishuka duarani, shimo refu lililosimama wima kama kisima. Mimi na wanawake wenzangu tuliponda mawe pale juu.

Desturi ilikuwa hivi. Jiwe kubwa likichomoka mdomoni mwa shimo, mtu wa winchi, mashine ya kupandishia mawe kwa kamba, alipiga kelele, "Jiwe!" na walio chini wakakimbilia tundu la pembeni. Likichomoka dogo alisema tu, "Kokoto hiyo." Wote waliamini jiwe jepesi hushuka polepole, hivyo mtu ana muda wa kulikwepa.

Asubuhi hiyo kilichomoka kijiwe kama yai la kuku.

"Kokoto hiyo, Masanja," alisema Kulwa wa winchi.

"Iache ije, labda ina dhahabu," kaka alijibu kutoka chini. Tukacheka.

Akainua uso kuitazama. Hakuwa na kofia ngumu. Tulisikia mlio mfupi, kisha kimya. Kulwa aliita mpaka sauti ikamkauka.

Baada ya maziko, Mzee Shija, msimamizi wa duara, alituita kwenye shimo lililoachwa, lisilo na mtu. Mkono mmoja alishika kijiwe, wa pili jiwe la kujaa kiganja, akayaachia pamoja. Tulitega masikio. Mshindo ulikuwa mmoja. Akarudia, ukawa mmoja tena. Kulwa akaketi chini, akafunika uso.

"Hewa huchelewesha unyoya, si jiwe," mzee alisema. "Masanja alidhani anao muda."

Hakumfokea mtu. Afadhali angefoka.

Mwanangu, kesho unashuka duarani, na sina nguvu ya kukuzuia. Basi shika hili. Uzito huongeza kishindo, hauongezi mwendo. Jiwe dogo na kubwa hushika kasi ileile, na kasi hiyo huzidi kadiri shimo linavyokwenda chini. Ukisikia chochote kinadondoka, usiinue uso. Ingia pembeni kwanza, maswali baadaye. Ukiwa juu, piga kelele hata kwa kokoto, wakucheke wakitaka. Kofia ngumu usiivue.

Mungu akupandishe mzima kila jioni, uje unipe shikamoo, nami niwe na wa kumwitikia marahaba.